Alama ya Unyayo wa Kanga

Adelina Lugembe alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake: hakuamini kitu kwa sababu tu kimeandikwa vizuri. Ukimwambia umeshakula, anakuangalia midomo. Tabia hiyo aliitoa kwao Igunga, ambako baba yake aliuza pamba kwenye mizani yenye uongo wake, na kila msimu alimtuma binti akasimame karibu na kuitazama tu ile mizani, bila kusema neno, mpaka karani atokwe jasho. Alipokua akaajiriwa kutazama mizani ya aina nyingine: kanzidata ya Umoja wa Warina Asali wa Miyombo Saba, ofisi ikiwa Chemchem, mjini Tabora, kwenye nyumba ya vyumba vitatu inayonuka nta kuanzia getini.

Kanzidata ni neno la kwenye vyeti. Pale ofisini waliiita mfumo, na ukigoma waliuita majina mengine. Ndani yake mlikuwa na majedwali matatu ya maana: wanachama, mizinga na ndoo za asali. Yalishikana mikono kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara. Ndoo inaushika mzinga ilikotoka, mzinga unamshika mwenyewe. Mmoja akishika mkono usio wake, msafara wote unaishia nyumbani kwa watu wengine.

Asubuhi ya siku ya mkutano mkuu, msafara ulikuwa umeishia kwa Mzee Kulwa Masanja.

Maabara ilikuwa imekuta dawa ya kunyunyizia tumbaku kwenye ndoo moja. Mfumo ukaulizwa kuhusu ndoo hiyo, ukataja mzinga, mzinga ukamtaja Kulwa. Kanuni ya Umoja haikuwa na maneno mengi: asali ya msituni haichanganywi na asali ya kando ya mashamba ya tumbaku. Aliyefanya hivyo anafutwa, na mizinga yake yote inaparuliwa alama. Kwa mtu wa mjini hilo ni kama kuondolewa kibandiko. Kwa mrina, alama aliyochonga kwenye gogo la mzinga ndiyo jina lake huko porini. Mzinga ukipitishwa tezo, alama ikatoka, anayeupita anaweza kuushusha na kwenda nao, na hakuna wa kumwita mwizi. Alama ya Kulwa ilikuwa unyayo wa kanga, mistari mitatu na kitundu kisiginoni, na aliipokea kwa marehemu baba yake.

Mkutano ulikuwa saa nane mchana. Vijana wa kukwea miti walishapewa tezo na mafuta ya pikipiki.

Mzee Kulwa alifika ofisini mapema, akiwa amevaa koti la kanisani na kandambili. Adelina akamsalimia shikamoo, mzee akaitikia marahaba kama mtu anayelipa ushuru. Akasema mizinga yake iko kusini, ndani kabisa ya hifadhi, na tumbaku pekee inayofika kule ni ile ya ugoro mfukoni mwake. Gerson, afisa wa wanachama, ambaye hakuwahi kuona msiba akashindwa kuutania, akamwambia labda nyuki wake wamejifunza kuvuta. Mzee hakucheka. Akaenda kukaa barazani na kutazama geti.

Adelina akafungua mfumo. Hakuanza na ndoo yenye kesi, maana hiyo ilishatazamwa na kila mwenye macho na wawili watatu wasio nayo. Akaita ndoo zote za Kulwa za msimu ule, akazipanga kwa siku. Hapo ndipo kahawa yake ilipoanza kupoa. Siku moja, asubuhi ileile, Kulwa Masanja alikuwa amepokelewa asali kwenye kituo cha kusini na pia kwenye kituo cha magharibi, kwenye njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Kati ya vituo hivyo, hata ukiwa na pikipiki na wazimu, ni safari ya kutwa. Mzee mwenyewe anatembelea baiskeli.

Akadhani karani wa kituo alikosea siku. Akatazama wiki iliyofuata, akakuta vilevile. Na iliyofuata. Kosa la karani halina nidhamu kiasi hicho.

Akaenda kwenye jedwali la wanachama, akashusha macho kwenye namba. Pale Umoja, anayefutwa anafutwa uanachama tu; namba yake haifutwi. Hata ukifa unabaki, unaandikiwa marehemu na unaendelea kuhesabika kwenye akidi ya mkutano kama walivyotania wenyewe. Lakini katikati ya orodha namba moja ilikuwa imeruka, pengo safi kama la jino. Mtu alikuwepo. Mtu akatolewa.

Akamwita Gerson, akamwonyesha kwa kidole tu.

Gerson ni mtoto wa warina, amezaliwa na asali kwenye nywele. Anamjua kila mzee kwa jina la nyumbani, la kanisani, la utani na lile analoitwa na wadeni wake. Ndiyo sababu alipewa kazi ile. Akalitazama pengo, akavuta kiti akakaa.

Kisha akaeleza. Wakati wa masika, Adelina akiwa likizo ya uzazi, radi ilipiga nguzo ya umeme mtaani. Seva ya Umoja, ambayo ni kompyuta ya mezani iliyosukumwa chini ya meza na Gerson akaigeuza kiti cha miguu, ilizimika ikiwa katikati ya kuandika. Ilipowashwa ikajifanya nzima. Wakaendelea na kazi. Wiki kadhaa baadaye alipoikagua akakuta faharasa ya alama imeharibika, na kila akijaribu kuijenga upya mfumo unakataa, ukisema kuna wanachama wawili wenye alama moja.

Adelina alielewa kabla hajamaliza. Faharasa ile ndiyo bawabu. Kazi yake ni kusimama mlangoni na kusema alama hii ina mwenyewe, rudi. Radi ilimuua bawabu akiwa amesimama, na kwa kuwa hakuanguka, hakuna aliyejua. Katika wiki zile mtu wa pili akapita na alama iliyokwisha kuwa ya mtu.

Akamuuliza alifanya nini na hao wawili.

"Nikawaunganisha," Gerson akasema. "Mmoja Kulwa Masanja, mwingine Raymundi Masanja. Alama ileile, baba yuleyule. Wewe wa Igunga ungewaacha. Mimi najua hapa mtu ana la nyumbani na la ubatizo, anajiandikisha leo kwa hili, kesho kwa lile. Na hakuna Mnyamwezi anayechonga alama ya mwenzake, ni wizi. Kwa hiyo ni mtu mmoja. Mizinga ya Raymundi nikaihamishia kwa Kulwa, Raymundi nikamfuta."

"Kulwa, Gerson."

"Najua ni pacha, dada Ade. Lakini Doto wake alihamia Urambo kwenye tumbaku kabla sijazaliwa. Tulishasikia kazikwa huko."

Mgeni asiyejua mila wala majina angeona majina mawili, akaogopa, akauliza. Ilihitajika mtu anayewajua watu wake vizuri sana ili aharibu kwa uhakika namna ile.

Adelina hakumkaripia, hakukuwa na muda wa anasa hiyo. Alihitaji kujua mizinga ipi ilikuwa ya nani, na mfumo haukukumbuka tena. Kila mzinga ulisema Kulwa, kwa sauti moja. Akatafuta nakala za akiba. Zilikuwepo, ila zote zilikuwa zimefanywa baada ya Gerson kuunganisha, kila moja ikiufuta ukweli wa iliyotangulia. Alihitaji nakala ya zile wiki za bawabu mfu: baada ya Raymundi kuandikishwa, kabla hajafutwa.

Akakumbuka Isikizya. Kila robo ya mwaka Umoja ulipeleka nakala ya takwimu zake halmashauri ya Uyui, na robo ile iliishia katikati ya zile wiki. Akampigia Amne, aliyeshughulika na takwimu za nyuki kule. Amne akasema faili lipo, lakini ni zito, mtandao wao siku hiyo hata salamu ulikuwa unaituma kwa mafungu, na yeye anatoka kwenda kijijini.

"Nusu saa nakusubiri," akasema. "Ikipita hiyo usinikute."

Adelina akatoka mbio. Mzee Kulwa akainua uso barazani, akamuuliza anakwenda wapi. Akamjibu anakwenda kumtafuta Raymundi Masanja. Alilitupa jina lile ili aone linavyotua. Mzee aliinamisha kichwa akaanza kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Dereva wa bodaboda aliitwa Masolwa, na aliendesha kama mtu aliyeachiwa urithi wa mifupa. Barabara ya Nzega ilikuwa lami, hilo lilisaidia; malori ya mpunga hayakusaidia. Njia nzima Adelina alikuwa akipiga hesabu isiyotaka kukubali. Kama Raymundi ni jina la pili la Kulwa, basi Gerson alifanya sawa, mzee ni mwongo, na tezo lina haki yake. Kama Raymundi ni mtu, basi yuko mtu. Adelina akiitoa alama ya unyayo wa kanga mdomoni mwa tezo upande huu, anaiingiza upande ule.

Walimkuta Amne ameshafunga mlango, kofia ya pikipiki kichwani. Alimkabidhi flashi akiwa juu ya pikipiki, bila kushuka, akasema na yeye airudishe, ina picha za harusi ya dada yake.

Aliporejea Chemchem uwanja ulikuwa umejaa baiskeli. Mzee Elieza, mwenyekiti, alimjia getini akamwambia wajumbe wa mbali wanataka kuwahi kurudi, mkutano hautasogezwa. Akamuuliza kama ana kitu. Akasema bado. Mwenyekiti akasema bado si kitu.

Jambo ambalo mwoga angefanya ni kuirudisha nakala ya Isikizya juu ya mfumo wote, na hapo ndoo zote za miezi iliyofuata zingepotea kama hazikurinwa. Adelina aliifungua pembeni, kwenye kompyuta yake ndogo, mbali kabisa na seva. Kisha akaiweka picha ya zamani na ya sasa ubavu kwa ubavu, akauliza swali moja: mizinga ipi imebadilisha mwenyewe?

Jibu lilichelewa. Umeme ukacheza, taa ikafifia na kurudi. Gerson akaondoa miguu karibu na seva kana kwamba ndiyo kwanza anajua ni kitu kinachopumua.

Orodha ikatoka, fupi. Mizinga michache, yote magharibi, yote imeandikishwa siku moja, mwenyewe Raymundi Masanja. Karani aliyemwandikisha alimpiga na picha, kama kanuni inavyotaka. Adelina akaifungua. Ilikuwa sura ya Mzee Kulwa iliyopitia maisha mengine: taya lilelile, ila jicho moja lina ukungu, na mikono yote miwili imelalia fimbo. Mzinga wa ile ndoo ulikuwa wa tatu kwenye orodha.

Adelina alitoka kwenda barazani, akakaa ngazi ya chini ya mzee, maana kuna maneno hayasemwi kutoka juu. Akamwonyesha picha kwenye simu.

Mzee Kulwa aliisogeza simu karibu na macho. "Doto," akasema. "Amezeeka, eh. Nikimwona kila siku sioni."

Akaeleza kwa sauti ya mtu anayeongea na kandambili zake. Nduguye alirudi kutoka Urambo mwaka uliopita, magoti yamekwisha, bila mke wala shamba. Baba yao hakuwahi kuigawa alama. Alisema waliokaa tumbo moja watakaa alama moja, akawachongea wote. Doto alipotaka kurudi kwenye nyuki, Kulwa hakuona wizi wowote. Ila magoti hayafiki msituni. Mizinga yake aliitundika kwenye miti ya nyumbani, na jirani wa mbele analima tumbaku.

"Ulijua tangu barua ya maabara," Adelina akasema.

"Nilijua kabla ya barua, tangu siku anaitundika." Akamgeukia. "Sasa binti, iache. Mwambie mwenyekiti Raymundi ni jina langu la ubatizo. Gerson naye akisema hivyo, watu wanamwamini. Nikisimama nikakiri, nani atabisha? Mimi nina miguu, nitaanza upya. Yeye ukimtoa kwenye nyuki unamtoa kwenye nini?"

Lilikuwa ombi zuri, na ubaya wake ni kwamba lingewezekana. Neno moja kwake, na pengo kwenye namba lingebaki pengo, na mfumo ungeendelea kutaja jina moja kwa sauti moja mpaka dunia iishe. Adelina alihisi ulimi ukitaka kukubali.

"Baba, ukiwa mtu mmoja, mizinga yote ni ya mtu mmoja," akasema. "Tezo litapanda kila mti. Yako ya msituni na yake ya nyumbani. Halitabaki gogo moja lenye unyayo wa kanga. Nikiwatenganisha, inakwenda ya kule nyumbani tu."

Mzee akaitazama tena picha.

"Na mkaguzi akija mwakani," akaongeza, "akaulizia asali ya magharibi, mfumo utampeleka msituni kusini. Kila ndoo ya wenzako itakuwa na shaka. Sitaki kuwa karani wa mizani ya Igunga."

Hilo la mizani mzee hakulielewa, wala halikumhusu. Aliinuka kwa kushika nguzo. Hakusema ndiyo. Alisema, "Usimwite yeye mwizi mbele za watu." Akaingia ukumbini.

Kengele ya mkutano ilikuwa ikigongwa Adelina aliporudi mezani. Kwanza akachukua nakala ya mfumo ulivyo, pamoja na makosa yake, kwa sababu anayetibu naye huua. Kisha akafungua kazi ambayo mfumo haushiki moja kwa moja mpaka uambiwe neno la mwisho. Kabla ya hapo kila kitu kinaweza kurudishwa kama hakijatokea. Akamrudisha Raymundi Masanja kwenye namba yake iliyoachwa wazi. Akairudisha mizinga yake mmoja mmoja. Akauliza kama kuna ndoo iliyobaki bila mzinga, au mzinga uliobaki bila mtu. Hakuna. Akauliza kama Kulwa bado yuko vituo viwili asubuhi moja. Hayupo, kila mtu yuko kwake.

Ilibaki bawabu. Alipomfufua alikataa tena, kwa haki yake: alama moja, watu wawili. Adelina akambadilishia amri. Kuanzia siku ile unyayo wa kanga ungepita kwa namba mbili tu, za ndugu wale; ya tatu ingerudishwa mlangoni. Bawabu akasimama. Gerson, aliyekuwa nyuma yake, akamwambia aseme hilo neno la mwisho kabla TANESCO hawajalisema wao. Akalisema.

Ukumbini Adelina alisoma alichokikuta, kwa ufupi, bila kumwita mtu mwizi. Minong'ono ikapanda. Gerson akasimama bila kuitwa, akasema aliyewageuza watu wawili kuwa mmoja ni yeye, na kwamba hata padri huwa anauliza kwanza. Wachache walicheka. Mzee Elieza hakucheka, akauliza kama Raymundi Masanja yupo.

Alikuwepo, mstari wa nyuma, ameletwa kwenye kibebeo cha baiskeli. Hakujitetea sana. Alisema mizinga ni yake, asali ni yake, na kwamba kwa magoti yale alitundika pale mkono ulipofika. Dawa ya jirani hakuifikiria. Kuhusu kanuni alisema alisomewa siku ya kujiandikisha, akaitikia kama watu wanavyoitikia mahubiri.

Kura za mikono zikapigwa. Jina la Kulwa likatoka kwenye shauri. La Raymundi likafutwa kwenye Umoja, na mizinga yake ikaamriwa iparuliwe jioni ileile, mbele ya mtu wa mfumo, aandike.

Kwa hiyo jua likielekea kushuka Adelina alikuwa magharibi ya mji, kando ya njia ya zamani ya Ujiji, kwenye ua wa Raymundi uliopakana na shamba la tumbaku lililokwisha kuvunwa. Vijana waliishusha mizinga kwa kamba na moshi. Mmoja wao akaokota tezo, akatema mate mkononi. Mzee Kulwa akalichukua kutoka kwake bila kusema naomba, na kijana akaliachia.

Akapiga magoti mbele ya gogo la kwanza. Raymundi alivuta kigoda akakaa ubavuni, karibu kiasi kwamba vipande vya mti vilimrukia mapajani. Adelina alisimama na simu, akiandika kila mzinga ulipokwisha: umeparuliwa, na tarehe.

Kwenye mzinga wa tatu, ule wa ndoo, tezo liligonga kitu kigumu likaruka.

"Hapo pana fundo," Raymundi akasema. "Zunguka kwa chini. Hujawahi kujua kuchonga."

"Nyamaza, Doto."

"Nasema tu. Utakata kidole."

Kulwa akazungukia kwa chini. Mguu wa kanga ukatoka kipande kimoja, na kisigino chake. Kisha bila kumgeukia mtu yeyote akamuuliza Adelina kama kanuni inamkataza mtu aliyefutwa kutoa moshi kwenye mizinga ya nduguye, kule msituni, akipelekwa kwa baiskeli.

Adelina akafikiri vizuri. Alitafuta kifungu kichwani, akarudia kukitafuta, akiogopa kukikuta.

"Kanuni inataja mwenye mzinga," akasema. "Mtoa moshi haikumtaja. Na mfumo hauna pa kumwandika."

Mzee Kulwa akaitikia kwa kichwa, akauvuta mzinga wa nne.